Walifunga mwamba, wakauacha mchanga

Huku kwetu Mtwara, ukitaja hifadhi mbele ya wavuvi, hazipiti dakika tano kabla mtu hajakwambia kwamba hifadhi ni ya wazungu. Nimelisikia neno hilo Msimbati, nimelisikia Msangamkuu, na juzijuzi nimelisikia tena kwenye baraza la kahawa Mikindani, safari hii likisemwa juu ya mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika: Cape Maclear, rasi ya mawe iliyo kusini mwa Ziwa Nyasa, upande wa Malawi. Aliyeleta habari ni kijana utingo wa malori yanayoshusha makaa ya mawe ya Ngaka bandarini kwetu. Siku moja lori lilipoharibika Mbinga aliteremka hadi Mbamba Bay, akakaa na wavuvi waliowahi kuvuka ziwa. Huko kwenye rasi, alisema, vijiji vimo ndani ya hifadhi, mawe yamefungwa, na mtu akitupa wavu mwambani anakamatwa. "Na samaki wenyewe ni wadogo, wa rangirangi, hata hawashibishi. Ni wa kutazamwa na wageni." Mzee mmoja aliyevua miaka mingi Msimbati, ambako nako kuna hifadhi ya bahari, akamjibu: "Basi ni yaleyale, mwanangu."

Pale barazani nilinyamaza, maana yule ni mzee wangu na uchungu wake naujua ulikotoka. Lakini habari za rasi ile zina nusu ya pili ambayo haikufika Mbamba Bay, na nusu hiyo haihusu samaki wa rangirangi wala wageni. Inahusu mkojo wa damu.

Waliokulia kando ya Ruvuma, au kwenye majaruba ya mpunga ya Kitere, hawahitaji maelezo mengi. Nilikuwa na miaka tisa au kumi mkojo wangu ulipoanza kumalizikia kwa matone mekundu. Sikumwambia mtu, kwa sababu wenzangu wote walikuwa hivyohivyo, na kaka zangu walisema ndiyo dalili ya kukua, kwamba sasa unakuwa mwanaume. Baadaye wakaja watu wa afya shuleni na kile kijiti cha kupimia urefu, wakatugawia vidonge vya prazikwanteli, dawa ya kichocho, kulingana na kimo cha kila mtoto. Tukameza, wengine wakatapika, damu ikakoma. Likizo iliyofuata tukarudi mtoni kuogelea, na damu nayo ikarudi.

Kwa hiyo naandika nikiwa na upande. Nitajitahidi kuutendea haki upande wa pili, ambao ni upande wa ndugu zangu wavuvi na una hoja nzito, ila msomaji ajue mapema kwamba tangu nielewe kilichotokea kwenye ufukwe wa Chembe, kijiji kikubwa cha rasi ile, siwezi tena kusikia kwamba kufunga maji ya karibu ni anasa ya wageni nikaliacha lipite.

Rasi yenyewe iko kwenye peninsula ya Nankumba. Jina la Cape Maclear alilipachika David Livingstone mwaka 1861 kwa heshima ya rafiki yake Thomas Maclear, mtaalamu wa nyota aliyekuwa kule Rasi ya Tumaini Jema. Miaka mitano baadaye, Machi 1866, Livingstone huyohuyo alishuka Mikindani kuanza safari yake ya mwisho, akapanda kando ya Ruvuma kuelekea Nyasa, kwenye nchi ambayo misafara ilikuwa ikiipita ikileta pembe na watu waliofungwa kamba hadi Kilwa, Lindi na Mikindani. Wengi wa Wayao wa Masasi na Tunduru wana jamaa upande ule hadi leo. Wamisionari wa Scotland walijenga kituo kwenye rasi mwaka 1875, malaria ikawaua na kuwachosha, na mwaka 1881 wakahamia Bandawe kaskazini. Makaburi yao yangali pale.

Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi, ndivyo wanavyoliita Nyasa upande ule, ilitangazwa mwaka 1980. Mwaka 1984 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni hifadhi ndogo kuliko sifa zake: kilomita za mraba 94 hivi, na sehemu kubwa ya hizo ni nchi kavu, yaani vilima vya miombo na visiwa kumi na viwili. Upande wa maji, kilichofungwa ni ukanda wa mita 100 tu kutoka kwenye mawe. Ziwa lote lina karibu kilomita za mraba 29,600. Mtu anayesema wamefungiwa ziwa anasema kitu ambacho ramani haikionyeshi, ingawa nitaeleza punde kwa nini mvuvi wa mtumbwi huliona jambo hilo tofauti.

Kilichofanya mawe yale yafungwe ni mbuna, ndivyo watu wa ziwa wanavyowaita samaki wa mwambani. Wengi wao wanakwangua ukoga wa kijani unaoota juu ya mawe, hawapendi kuvuka mchanga, na kwa hiyo samaki wa kisiwa kimoja wamekaa peke yao muda mrefu mpaka wakawa tofauti na wa kisiwa kinachoonekana kwa macho ng'ambo. Hakuna ziwa duniani lenye aina nyingi za samaki kama hili. Wa jamii moja pekee, ile ya sikildi ambayo mbuna ni sehemu yake, wanakadiriwa kuwa kati ya aina 800 na 1,000, karibu wote hawapatikani kwingine. Wanasayansi wanaliona ziwa lile kama kitabu cha jinsi viumbe wanavyogawanyika. Sawa. Hoja hiyo ni kweli na ina uzito wake, lakini ndiyo hoja iliyopelekwa vijijini kwanza, na hapo ndipo kosa lilipoanza. Ukimwambia mtu mwenye watoto sita kwamba jiwe lake limefungwa kwa sababu samaki wake ni wa ajabu, utakuwa umemwambia kwa maneno mengine kwamba ajabu hiyo inamhusu mtu mwingine.

Sasa niuseme upande wa mvuvi kama ninavyousikia na kama ninavyouamini. Chembe haikuhamia hifadhini; hifadhi ndiyo iliyochorwa kuizunguka Chembe, pamoja na Msaka na vijiji vingine vichache vilivyoachwa katikati kama visiwa vya watu. Vilima viko nyuma, maji mbele, shamba la kutosha hakuna. Kijiji kimeongezeka watu kwa sababu ya uvuvi na baadaye kwa sababu ya nyumba za wageni zilizopangana ufukweni. Mwanamke anayetaka kuni za kupikia, au za kukausha samaki kwa moshi, anapanda mlima wa hifadhi akiwa na kibali, na akikosa kibali anapanda hivyohivyo huku akiogopa askari. Mvuvi mwenye mtumbwi wa gogo, asiye na injini, hana kilindi cha kwenda. Kwake mita 100 za mwanzo ni nusu ya dunia. Mwenye boti na injini huvuka ukanda huo kwa dakika moja na kwenda zake, kwa hiyo sheria ileile inamwangukia maskini kwa uzito na tajiri kwa wepesi. Na juu ya hayo kuna jambo la haki ambalo hakuna afisa aliyewahi kunijibu vizuri: Serikali ya Malawi ilipogawa vitalu vya kutafuta mafuta ziwani, kimojawapo kiliingia katika eneo hilohilo la Urithi wa Dunia, hata UNESCO ikalalamika. Wavu ulikatazwa mahali ambapo mtambo wa kutafuta mafuta ulizungumzwa.

Hoja hizo sina nia ya kuzipunguza. Mtu akiishia hapo na kusema hifadhi ile iliwaonea watu, simlaumu.

Lakini asiishie hapo.

Mpaka katikati ya miaka ya 1980, watu waliamini kwamba fukwe za wazi za ziwa lile, zenye mchanga na mawimbi, hazina kichocho. Kichocho kilikuwa cha vijito, vya madimbwi, vya maji yaliyotulia penye majani, kama sisi tulivyokijua Kitere. Wageni waliogelea Cape Maclear bila wasiwasi na vitabu vya safari viliwaambia waogelee. Mwaka 1992 vijana wawili wa Marekani waliokuwa wakifanya kazi ya kujitolea Malawi waliugua kichocho kilichopanda hadi kwenye mfumo wa fahamu, na wote wawili walikuwa wameogelea kwenye rasi ile. Wataalamu wakaanza kupima. Katika wageni waliokuwa wakiishi au kutembelea Malawi waliopimwa damu wakati huo, karibu theluthi moja walionyesha kwamba vimelea vimewahi kuwaingia, na kuogelea Cape Maclear kulihusiana sana na matokeo hayo.

Theluthi ya wageni. Hiyo ndiyo takwimu iliyosambaa duniani, na mimi kila nikiifikiria inanisumbua kwa namna moja: mgeni anaoga mara mojamoja, anapimwa, anatibiwa. Mtoto wa Chembe anaoga pale kila siku ya Mungu. Mama yake anafua pale, anaosha vyombo pale, anachota maji pale, na saa za mchana, jua likiwa kali, ndizo saa ambazo vimelea hutoka kwenye konokono kwa wingi. Kama wageni wa mara mojamoja walifikia theluthi, yule wa kila siku alikuwa wapi? Wagonjwa walikuwa wengi kabla ya wale vijana wawili, na hawakuandikwa popote. Walikuwa wanaambiwa na kaka zao kwamba wanakuwa wanaume.

Na wasichana hawakuambiwa kitu. Kichocho cha mkojo huharibu kibofu, na kikiachwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wanawake mayai ya vimelea hukwama kwenye via vya uzazi, yakaleta vidonda na damu na maumivu ambayo mara nyingi huchukuliwa kuwa ugonjwa wa zinaa, na mgonjwa akapewa aibu pamoja na dawa isiyo yake. Vidonda hivyo pia humfungulia mgonjwa mlango wa kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Sijui familia ya pwani hii au ya ziwa lile ambayo ingesikia hayo yote ikasema mita 100 ni nyingi.

Kilibadilika nini, basi, katika miaka ile ya 1980? Hapa ndipo ninapomwomba mzee wangu wa Msimbati anisikilize.

Kimelea cha kichocho hakiwezi kumaliza safari yake bila konokono. Mayai yanatoka na mkojo, yanapasuka majini, kidudu kinamtafuta konokono wa aina yake, kinazaana ndani yake, kisha wanatoka maelfu kutafuta ngozi ya mtu. Kwenye fukwe za wazi za kusini mwa Nyasa konokono huyo yupo, anaitwa Bulinus nyassanus kwa jina la kisayansi, na makazi yake ni mchangani. Alikuwapo siku zote. Ila palikuwa na samaki waliokuwa wakimla. Mmoja wao, Trematocranus placodon, ana meno kooni, mapana kama ya kusagia, na kazi yake ya kutwa ni kupita juu ya mchanga wa maji mafupi akiokota konokono na kuwavunja. Hana rangi ya kumvutia mpiga picha. Hakai mwambani. Anakaa mbele ya kijiji, pale pale kokoro linapovutwa.

Na kokoro lilivutwa. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa kokoro: wavu mrefu unazungushwa kutoka ufukweni, unaburutwa na watu pande mbili, ukifika nchi kavu umebeba kila kilichokuwa njiani, kikubwa na kichanga, pamoja na majani ambamo vifaranga hujificha. Miaka ile ya mwisho ya 1980 uvuvi kusini mwa ziwa uliongezeka na macho ya nyavu yakazidi kupungua, hadi vyandarua vikatumika. Ziwa dogo la jirani, Malombe, lilionyesha mwisho wa njia hiyo mapema: chambo, samaki anayependwa kuliko wote Malawi, aliporomoka pale kiasi cha wavuvi kubaki wakigombania vidagaa kwa nyavu za macho madogo ziitwazo nkacha. Mbele ya Chembe aliyeporomoka kimyakimya, bila soko kulia, ni yule msagaji wa konokono. Hakuwa samaki wa maana sana mezani. Aliingia tu kwenye wavu pamoja na wengine, na alipokwisha, konokono wakajaa, na walipojaa, watoto wakaanza kukojoa damu kwenye ufukwe uliokuwa salama.

Watafiti waliohesabu samaki na konokono katika fukwe mbalimbali za kusini mwa ziwa walikuta picha inayooana na hiyo: penye samaki hao wengi, konokono wachache, penye samaki wachache, konokono wengi. Walishauri jambo moja la kawaida kabisa, kwamba uvuvi wa maji mafupi mbele ya vijiji upumzishwe ili wasagaji warudi.

Kuna wasiosadiki, nao wasikilizwe. Wanasema samaki si sababu pekee, na wana haki. Watu waliongezeka, vyoo havikuongezeka kwa kasi hiyo, na penye mkojo zaidi majini pana mayai zaidi. Vilima vilipokatwa kuni, mvua ilishusha udongo ziwani, na udongo hubadilisha mchanga ambao konokono anakaa. Vijito vinavyoingia ufukweni vina konokono wao wengine ambao samaki yule hawafikii. Na vidonge vipo, ni vya bei nafuu, vinafanya kazi; kwa nini umsumbue mvuvi wakati mtoto anaweza kumezeshwa? Hili la mwisho ndilo linalosemwa sana, na ndilo ninalolijibu kwa mwili wangu. Kidonge huua minyoo iliyomo mwilini leo. Hakimzuii anayeingia kesho. Nchi zetu zimegawa vidonge shuleni miaka na miaka, na kazi hiyo ni njema isiachwe, lakini mtoto anayerudi kwenye maji yaleyale yenye konokono walewale atapimwa tena kwa kijiti kilekile mwaka ujao. Samaki yeye hafanyi kazi kwa mwaka wa fedha wala hangoji mfadhili.

Sasa angalieni mstari ulipopita. Hifadhi ilifunga mawe, kwa sababu mbuna wako maweni na mgeni anapiga mbizi maweni. Mchanga wa mbele ya kijiji uliachwa kuwa nafasi ya mvuvi, kwa nia nzuri kabisa, ili watu wasikose pa kuvulia. Uvuvi uliofukuzwa mwambani na uvuvi uliokuwa unakua ukakutana palepale, kwenye kipande cha maji ambacho watoto wanaoga. Kwa hiyo yule anayesema hifadhi iliwasahau watu wa Chembe namwunga mkono, ila sababu yangu si yake. Yeye anasema iliwanyima maji mengi mno. Mimi naona iliwalindia maji yasiyo yao ikawaachia wazi yaliyo yao.

Mtu ataniambia hiyo ni habari ya ziwa, bahari haina kichocho. Ni kweli haina. Lakini tabia ya samaki kumlinda binadamu bila binadamu kujua haikomei kwenye maji baridi. Huku baharini tunaye kikande, samaki mwenye meno magumu ambaye hula nungu wa baharini, wale weusi wenye miiba wanaotuchoma miguu. Kwenye miamba ya Kenya iliyofungwa, mathalani Malindi na Watamu zilizofungwa tangu 1968, na miamba inayovuliwa bila mpaka, watafiti wamelinganisha miaka mingi: vikande wanapomalizika, nungu hujaa, na nungu wakijaa huutafuna mwamba hadi ukawa kifusi. Kifusi hakikai changu, hakikai pweza, na hakivunji mawimbi. Mama wa Msimbati anayeshuka na kijiti chake maji yakitoka, kutafuta pweza kwenye mashimo, anategemea kikande ambaye pengine hajawahi kumfikiria.

Hifadhi yetu, ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ilitangazwa mwaka 2000 chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994. Ina kilomita za mraba 650, karibu theluthi yake nchi kavu, na ndani yake mna vijiji, kama Cape Maclear. Ndiyo maana ulinganisho wa yule mzee haukuwa wa ovyo. Na malalamiko yanafanana pia: nyavu zilikatazwa, mbadala ukachelewa, na wakati huohuo gesi iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982 ikachimbwa Msimbati, ndani ya mipaka ya hifadhi, ikawasha umeme wetu na kuanzia 2015 ikapita kwenye bomba hadi Dar es Salaam. Mvuvi anayeulizwa macho ya wavu wake huku akipita kando ya uzio wa visima vya gesi ana swali la halali, na anayemjibu kwa kumwita mharibifu wa mazingira hajamjibu.

Ila kuna kitu mzee wangu anakijua kuliko mimi, na barazani hakukisema. Kabla ya hifadhi, katika miaka ya 1990, baruti ililia pwani hii kuanzia Kilwa hadi mpakani. Waliosimama wa kwanza kuipinga hawakuwa wazungu. Walikuwa wavuvi wa Mtwara na Lindi wenyewe, katika umoja wao wa vijiji vya pwani waliouita Shirikisho, waliowasumbua viongozi hadi viongozi wakasikia kwamba mwamba unapasuka. Walijua wanachokipoteza. Hawakuhitaji kuambiwa kwamba samaki wao ni wa ajabu. Walitaka wawe na cha kuvua mwakani. Kufunga maji kulikuwa neno lao kabla ya kuwa neno la sheria, na hata leo visiwani Songosongo watu wamewahi kukubaliana kuupumzisha mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa, kisha wakaufungua kwa pamoja na kukuta pweza wakubwa.

Kwa hiyo nikiulizwa nimesimama wapi kati ya mzee na afisa, nasema maji ya karibu yafungwe, Chembe na kwetu, na yafungwe na wanaoishi mbele yake. Mipaka iwekwe kwa kufuata yule samaki anayefanya kazi, awe msagaji wa konokono au kikande, na sababu ielezwe hivyo, kwa kumtaja mtoto na pweza kabla ya kumtaja mgeni. Mwenye mtumbwi wa gogo asiachwe mikono mitupu: kipindi cha kupumzisha maji, ada ya wageni inayokusanywa langoni ianzie kwake, na ijulikane kijijini ni shilingi ngapi, au kwacha ngapi, na imeenda nyumba gani. Bila hilo kokoro litarudi usiku, na sitakuwa na uso wa kulilaani.

Najua gharama yake. Msimu wa kwanza utakuwa mgumu, samaki hawarudi kwa mwezi mmoja, na konokono hawapungui siku wavu unapotundikwa. Mama wa Chembe ataendelea kufua palepale akisubiri, maana bomba la maji safi na choo ni sehemu ya dawa ileile na havikuwahi kufika vya kutosha. Lakini wavu unaoburutwa leo mbele ya watoto wake hauleti hata samaki wa kuuza. Unaleta vidagaa na vifaranga, na mara mojamoja, katikati ya majani, samaki mmoja wa kijivu mwenye meno kooni, ambaye mvutaji humtupa kwenye kapu pamoja na wengine.

Ijumaa nikienda Mikindani nitamsimulia mzee habari za samaki huyo. Nitaanza na Kitere na mkojo wangu mwekundu, kwa sababu Kitere anaijua.